Masika kwa Nusu Bei

Mtu wa Nkubu hana haja ya kusafiri kwenda kutafuta mvua. Upepo unaovuma kutoka Bahari ya Hindi hupita juu ya tambarare za Tana na Tharaka ukiwagawia watu wa huko kwa mkono wa bahili, kisha hugonga mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, hupanda, hupoa, na kuushusha mzigo wake wote juu ya kahawa yetu, migomba yetu na nguo tulizoanika asubuhi. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili isiyo mbali na soko la Nkubu, na habari hiyo huichora ubaoni kila mwaka: mishale kutoka baharini, mlima katikati, matone upande wetu, jua upande wa Timau na Laikipia. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, tunaendelea na sura ya udongo. Kuifuata ile mishale kinyumenyume mpaka inakoanzia, tena kwa nauli yangu mwenyewe, ni jambo ambalo halimo katika mtaala.

Aliyelileta ni mke wangu. Ana binamu yake anayeshika vitabu vya hesabu katika hoteli moja kule Unguja, na huyo binamu alipiga simu mwanzoni mwa 2024 kutupa habari kwamba Aprili na Mei kisiwani kila kitu ni nusu bei: vyumba, teksi, hata pweza. Nikauliza kwa nini nusu. Hakuficha. Alisema ni masika, watalii huwa wamekwenda zao, na hoteli nyingi huwa zimefunga milango zinapaka rangi hadi Juni. Nikamgeukia mke wangu na kumweleza, kwa sauti ya kazini, kwamba Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Unguja, kwamba upepo wa kaskazi umekwisha na wa kusi ndio kwanza unaanza, na kwamba vimbunga vya upande huo wa bahari bado huzurura mpaka Mei. Yeye alikuwa anachambua maharagwe.

"Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "mvua inakuja kwetu kila mwaka. Inakaa miezi mitatu, inakula barabara, inalala mpaka kwenye dari. Sisi kwao hatujakanyaga hata siku moja. Hiyo ni adabu gani?"

Hoja hiyo haikuwa na jibu. Kwetu Imenti, mtu akikutembelea kila msimu nawe hufiki kwake, huanza kukusema sokoni. Ikapita kwamba tunakwenda kuitembelea mvua kwao, na kwa wakwe hakuendwi mikono mitupu. Mke wangu alifunga majani ya chai, ndizi mbivu za Mitunguu ambazo zilikuwa uji kabla hatujafika Embu, sweta zetu nzito, na gamboti zangu. Nilipouliza mtu anapeleka gamboti ufukoni kufanya nini, alinijibu kwamba mvua ni mvua.

Kilichobaki ni ruhusa. Likizo ilikuwa inaisha, shule zikifunguliwa tarehe 29 Aprili, nasi tulitaka wiki moja ya ziada. Mwalimu mkuu wetu ni mama asiyependa hadithi. Nilimwandikia barua, nikaifuata kwa miguu, nikakaa kwenye benchi la wageni na wazazi wa watoto wakorofi, nikaahidi kufidia vipindi vyote siku za Jumamosi, na mwishowe akaitia sahihi kwa sharti kwamba Jumatatu tarehe 6 Mei, saa moja na nusu asubuhi, niwe mbele ya Kidato cha Tatu nikiwa na chaki mkononi. Tukiwa tayari kisiwani, Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba kwa sababu ya mafuriko shule zote nchini zitafunguliwa tarehe 6 Mei. Ruhusa niliyoinyenyekea mpaka magoti yakauma, walimu wote wa Kenya walipewa bure, wamelala.

Hapo niseme jambo moja bila mzaha. Mvua ya mwaka ule haikuwa mchezo. Baada ya msimu wa El Niño wa mwishoni mwa 2023, ardhi ilikuwa bado haijakauka masika yalipoanza, na kufikia mapema Mei waliokufa Kenya walikuwa wamepita 200. Alfajiri ya 29 Aprili peke yake, maji yaliwafagia watu wengi huko Mai Mahiu wakiwa usingizini. Tulisikia habari hizo kwenye redio ya mwenye nyumba wetu, na siku hiyo hapakuwa na mtu aliyecheka kwenye chumba chetu. Ninayosimulia hapa ni madogo ya watu waliobahatika kulowa tu.

Basi kutoka Nkubu kwenda Nairobi hushuka na kupanda mabonde ya mito inayotoka mlimani, na wiki ile kila mto ulikuwa mwekundu na umepanda hadi karibu na daraja kumtazama dereva usoni. Nairobi tuliikuta imejaa maji. Namanga tulipita usiku, Arusha tukaamka na shingo zimepinda, na tulipofika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, nilikuwa nimekula mahindi ya kuchemsha ya kila stendi iliyoko kati ya Moshi na Dar es Salaam. Nayataja mahindi hayo kwa sababu yalikuwa na sehemu yao katika kilichofuata.

Boti ya kasi huchukua saa mbili hivi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Mimi nimezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote niliyowahi kuvuka yana daraja la saruji. Mara tu tulipotoka bandarini, kijana wa boti alipita kwenye viti akigawa mifuko midogo ya plastiki. Hakumwuliza mtu chochote. Alikutazama uso, akaamua. Mke wangu alimpa mmoja. Mimi alinitazama kidogo, akanipa mitatu, akafikiri, akaongeza wa nne.

Pembeni yangu aliketi mzee mwenye kofia ya kufumwa, ametulia kabisa, anakula korosho.

"Mwanangu, unatokea wapi?"

"Meru, Kenya. Karibu na mlima."

"Ahaa." Akaendelea kutafuna huku boti ikipanda wimbi na kushuka. "Tazama mbali, usitazame chini. Itazame ardhi."

Nilitazama mbali. Huko mbali palikuwa na kijivu juu na kijivu chini, na hivyo vijivu viwili vilikuwa vikibadilishana nafasi. Mzee akanipa kipande cha limau ninuse. Yale mahindi ya Korogwe, ya Chalinze na ya wapi sijui yalirudi moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa vituo. Mke wangu alilala tangu Dar es Salaam, akaamka boti ikifunga kamba, akajinyoosha na kusema, "Kumbe ni karibu hivi."

Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, lakini mgeni akishuka bandarini Malindi hupanga foleni tena na kuonyesha pasipoti. Zilikuwa ndizo siku za maadhimisho ya miaka 60 ya Muungano, bendera zimelowa na kujinyonga kwenye milingoti yake. Ofisa alifungua pasipoti zetu, akauliza tumekuja kufanya nini. Mke wangu akajibu kwamba tumekuja kupumzika, kuogelea na kuota jua. Ofisa aliangalia nje ya dirisha, ambako kontena la futi arobaini lililokuwa hatua chache tu kutoka kwetu halikuonekana kwa mvua, kisha akatuangalia sisi, kisha sweta zetu. Alituwekea muhuri kwa mkono mpole, kwa namna ya mtu anayetoa pole.

Binamu alikuwa ametutafutia chumba Mji Mkongwe, orofa ya tatu, kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima walimwita Bi Mkubwa, nasi tukafuata. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na vichochoro vyake vimebanwa makusudi ili jua lisifike chini. Mvua hufika. Inafika mara mbili: kwanza kutoka mbinguni, halafu kutoka kwenye mabomba ya paa yaliyotokeza nje ya kuta, ambayo kila moja limelengwa katikati ya kichochoro kwa ustadi. Mwamvuli ni wa kujidanganya. Vichochoro vingine haviwezi kupitisha miamvuli miwili iliyofunguka, na wenyeji wana taratibu yao ya nani anainua, nani anainamisha, nani anafunga. Mzee huinuliwa, mama mwenye mtoto hupishwa, kijana hulowa. Mimi sikujua niko kundi gani. Niliinua nikamwagia maji mwalimu wa madrasa, nikainamisha nikamchoma mbavu muuza mikate, nikafunga nikasimama chini ya bomba.

Huo mwamvuli wenyewe niliununua Darajani. Nilimfikia muuzaji nikiwa natiririka na kumwuliza kwa haraka za kwetu, "Hii ni pesa ngapi?" Alinitazama kwa upole mkubwa.

"Assalaam aleikum."

"Aleikum salaam. Ni pesa ngapi?"

"Hujambo, kaka?"

"Sijambo."

"Umeamkaje? Hali? Za nyumbani? Watoto hawajambo? Mgeni wetu umetokea wapi?"

Tuliyapitia yote hayo mimi nikiwa nje ya turubai lake na yeye akiwa ndani. Tulipofika kwenye bei nilikuwa sihitaji tena mwamvuli, lakini baada ya kujuliana hali kiasi kile ingekuwa utovu wa heshima kuondoka bila kununua.

Nyumbani kwa Bi Mkubwa tuligundua tofauti ya mvua ikiwa ugenini na ikiwa kwao. Nkubu ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yetu ni baridi. Ukilowa unatetemeka, unakoka moto, unakauka, mambo yameisha. Kule kwao mvua ina joto. Ukivaa koti unalowa jasho ndani, ukivua unalowa maji nje, na ukisimama mlangoni ukisubiri kuamua, unalowa vyote viwili kwa hewa tu. Sweta ya mke wangu ilianikwa siku tuliyofika na ikafungwa mkobani mbichi siku tuliyoondoka. Chumvi mezani iliganda ikawa jiwe, kiberiti kikawa pambo. Mkanda wangu wa ngozi ulipata ukungu wa kijani, na mke wangu akaupiga picha na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia, ambako shemeji mmoja aliuliza kama ni mboga.

Paa lilivuja, lakini lilivuja kwa nidhamu. Bi Mkubwa alikuwa na mabeseni, masufuria na kopo moja la maziwa ya unga, kila kimoja na mahali pake, na alijua kila tundu linaanza saa ngapi. Usiku wa kwanza nilitaka kusogeza beseni lililokuwa karibu na kitanda chetu, maana lilikuwa kavu.

"Acha hilo, mwanangu," akasema. "Hilo ni la saa tisa."

Saa tisa usiku, tone la kwanza likaanguka katikati ya beseni.

Mchana tulikwenda kuona vitu vya kuonwa. Beit el Ajaib, jumba la maajabu alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, lilibomoka sehemu siku ya Krismasi 2020, kwa hiyo tuliona mabati yaliyozungushiwa ajabu. Forodhani, ambako jioni huchomwa mishikaki na kukaangwa kila kiogeleacho, tulikuta wauzaji wachache wamejibanza chini ya turubai moja na mbuzi watatu. Palipotulipa hasa ni barazani, chini ya ukumbi wa nyumba ya jirani, ambapo wazee hukaa alasiri kunywa kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na kashata pembeni. Nilikaribishwa kwa ukarimu, nami katika kujipendekeza nikasema kwetu Nkubu tunalima kahawa.

"Enhe! Basi nyie kahawa mnaijua."

Nikawaeleza ukweli: tunaichuma, tunaipeleka kiwandani, inapimwa, inakwenda Ulaya, na sisi tunarudi nyumbani kunywa chai.

Kimya kiliingia. Mzee aliyeshika dele alilitua chini.

"Hamuinywi?"

"Hatuinywi."

"Na hiyo chai mnainunua?"

"Hapana, chai nayo tunailima, upande wa juu."

"Hiyo mnakunywa?"

"Hiyo tunakunywa."

Mzee alifikiri kwa muda, akanijazia kikombe. "Basi," akawaambia wenzake, "nusu wana akili."

Mke wangu hakuwa amesahau habari ya kuogelea. Siku mvua ilipopunguza sauti tulipanda daladala kwenda Jambiani, pwani ya mashariki. Alikuwa amevaa vazi la kuogelea ndani ya dera, na mimi, kwa amri, nilikuwa nimevaa gamboti. Tulishuka, tukapita minazi, tukatokea ufukoni, na bahari haikuwapo. Palikuwa na mchanga, madimbwi, mashua zimelala ubavu, na mbali sana, karibu na mwisho wa macho, mstari mweupe wa mawimbi yakivunjikia kwenye mwamba. Maji yalikuwa yamekupwa. Mimi nafundisha habari ya mwezi kuvuta bahari, naichora vizuri, kwa chaki za rangi mbili. Lakini ubaoni maji husogea sentimita tatu. Mtoto aliyekuwa akipita na ndoo alituona tumeduwaa.

"Mnaitafuta bahari?" akauliza. "Imekwenda. Inarudi saa kumi."

Mvua ikaanza tena. Mke wangu aliketi chini ya mnazi na dera lake, akafungua mwamvuli wa Darajani, ukageuka ndani nje. Mimi nikaamua kuifuata bahari ilikokwenda. Hapo ndipo gamboti zilipopata kazi ziliyoumbiwa, kwani chini ya yale madimbwi kuna mawe makali na vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo wenye miguu mitupu huvikumbuka kwa muda mrefu. Nilikanyaga popote nilipotaka. Katikati ya bahari isiyo na bahari niliwakuta kina mama wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Ukulima huo ulianza huku, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na karibu wote wanaoufanya ni wanawake; mwani ukikauka huuzwa nje, na humo hutolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa hata kwenye dawa ya meno. Masika huwatesa, maana kuvuna unaweza, kukausha huwezi. Nilikuwa nimetayarisha maswali mazuri kuhusu soko na bei. Hawakunisikiliza. Walikuwa wanatazama miguu yangu.

"Baba, viatu hivyo vya wapi?"

"Vya Nkubu, mama. Kenya."

"Nkubu kuna bahari?"

"Hakuna."

"Kuna mwani?"

"Hakuna."

"Sasa huko vinafanya nini?"

Nilijaribu kueleza habari ya tope, lakini walikuwa wameshaanza kupima unyayo wangu kwa kijiti. Mama mmoja akasema ni saizi yake. Mwingine akasema ni yake zaidi. Tuliporudi ufukoni, jambo lilichukuliwa na mke wangu, ambaye ni mtu wa soko, na kabla bahari haijarudi gamboti zilikuwa zimekwenda, nasi tuna sabuni za mwani, pweza aliyekaushwa na mwaliko wa harusi ya Agosti. Niliingia kwenye daladala pekupeku.

Habari ya kimbunga ilitufikia barazani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba mashariki ya Mtwara kuna kimbunga kinachokuja, na kwamba kinaitwa Hidaya. Vimbunga vya upande wetu wa bahari hupewa majina kwa mpangilio wa alfabeti, na msimu ule walikuwa wamefika H. Binti wa jirani mwenye jina hilo hakupata amani tena. Kila alipotoka kwenda dukani wazee walimwuliza kasi yake ni kilomita ngapi na anatarajia kutua wapi.

Bi Mkubwa hakushtuka, ila alihesabu mabeseni. Yeye alikuwa na kimbunga chake cha kulinganishia, ambacho alisimuliwa na waliosimuliwa: kile cha Seyyid Barghash. Kilipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na minazi isiyo na idadi, kikavunja merikebu za Sultani bandarini. Pemba kilipita mbali, na tangu hapo makao ya karafuu yakawa Pemba. Sultani aliagiza merikebu mpya Uskoti, ikaitwa Glasgow, ikamalizika 1878. Hiyo upepo haukuiweza, ila mizinga ya Waingereza iliizamisha mwaka 1896 katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja. "Kwa hiyo usiogope upepo peke yake," Bi Mkubwa alinishauri.

Nami nikaona ni wakati wa kutoa mchango wa taaluma. Nikachukua beseni la saa tisa, nikalizungusha, nikaeleza: kimbunga kinataka maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27, na kinataka mzunguko wa dunia uupinde upepo mpaka ujizungushe. Kwenye ikweta kule kupindwa hakupo, na karibu nayo ni hafifu, kwa hiyo vimbunga huzaliwa kuanzia digrii tano hivi na kwenda mbali. Unguja iko digrii sita kusini, Mafia karibu nane, hapo ni mpakani. Nkubu je? Mstari wa ikweta unakata barabara kati ya Nkubu na Meru mjini. Kwetu kimbunga hakiwezi kufika hata kikipewa lifti.

Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani kwenu hakiji kabisa?"

"Kabisa, Bi Mkubwa."

"Na mmelipa nauli kuja huku?"

"Nusu bei," mke wangu akasema.

Tiketi zetu za kurudi zilikuwa za Jumamosi tarehe 4 Mei. Usafiri wa boti kati ya Unguja na Dar es Salaam ukasimamishwa. Asubuhi ya Ijumaa nilimpigia mwalimu mkuu.

"Madam, Jumatatu sitafika. Boti hazisafiri. Kuna kimbunga."

Alinyamaza mpaka nikadhani pesa za simu zimeisha.

"Mwalimu," akasema, "kwenye kiti hiki nimeletewa nyanya aliyekufa mara tatu. Nimeletewa ng'ombe aliyezaa usiku wa mtihani. Kimbunga ndicho cha kwanza. Na jana nilikuwa ninakagua daftari za Kidato cha Tatu. Umewaandikia kwa wino mwekundu kwamba vimbunga havifiki kwetu."

"Havifiki, Madam. Mimi ndiye niliyekifikia."

Alisema tutaonana ofisini. Nilipoteza hamu ya pweza. Lakini siku hiyohiyo Rais William Ruto alilihutubia taifa, akaahirisha ufunguzi wa shule hadi hapo itakapotangazwa tena, na katika kutoa sababu akakitaja kimbunga Hidaya kwa jina lake. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijapata kuona udhuru wa mwalimu ukisomwa na Rais kwenye televisheni, mbele ya bendera. Jioni nikapokea ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu: "Nimesikia. Pole. Shika ukuta."

Tukashika ukuta. Mikate iliisha mtaani, mishumaa ikapanda bei, umeme ukazimika mapema. Upepo ulivuma usiku kucha na kesho yake, madirisha ya mbao yakagonga, na nyumba ya jirani walikuwa wanasoma Yasini kwa sauti. Mabeseni yalijaa nje ya ratiba, jambo lililomuudhi Bi Mkubwa kuliko upepo wenyewe. Mke wangu alipika chai ya Nkubu kwenye jiko la mkaa, na kila mlango wa orofa ukatoa mtu na kikombe, mpaka tukawa tumekaa ngazini gizani, wapangaji, majirani na binti Hidaya, tukinywa zawadi tuliyowaletea wakwe.

Kufikia Jumapili kilikuwa kimekwisha. Kilifika Mafia Jumamosi kimepungua nguvu na kikafia huko. Kusini kiliumiza: nyumba zilianguka, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga. Mtaani kwetu kilichukua mabati mawili, tawi la mwembe, na turubai la muuza miamvuli wa Darajani, ambaye nilimkuta anauza bila paa, na nikamjulia hali yote, kuanzia kuamka hadi watoto, huku tunalowa pamoja.

Boti ya kurudi sitaisimulia. Yule kijana wa mifuko alinikumbuka.

Tulifika Nkubu mvua inanyesha, ile ya baridi, ya nyumbani. Shule zikatangazwa kufunguliwa tarehe 13, na tarehe 10 Mei ikawekwa kuwa sikukuu ya kitaifa ya kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko na kupanda miti. Chifu alitukusanya kando ya mto, kila mtu na mche wake wa muringa, tope likiwa limefika juu ya vifundo. Alipita akikagua mashimo, akafika kwangu, akasimama. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani.

"Mwalimu, gamboti zako ziko wapi?"

"Ziko baharini, Chifu."

"Baharini zinafanya nini?"

"Zinalima."

Chifu alimtazama mke wangu kupata tafsiri. Mke wangu akatoa kipande cha sabuni ya mwani mfukoni mwa aproni, akamwambia hiki ni kodi ya kwanza.